Je, wajua? Mwaka 2022 ngano haikuisha duniani, na bado chapati ilipungua

Machi 2022 mama tunayenunua chapati kwake hapa Mombasa hakupandisha bei, alipunguza donge. Nilikuwa nimesimama pale namwangalia anavyokata unga, yale madonge yaliyokuwa yanajaa kiganja sasa yanakaa kwenye ncha za vidole, nikamuuliza kulikoni, akanijibu bila kuinua macho, "Ngano imeisha huko kwa Warusi, mwanangu." Na mimi nikaamini kabisa. Nikawa naeleza kila mtu kwamba Urusi na Ukraine wanalima asilimia 30 ya ngano ya dunia, sasa wanapigana, kwa hiyo karibu theluthi ya mkate wa dunia imepotea.

Hesabu hiyo si kweli, na nataka nikae hapo kidogo manake mpaka leo nawasikia watu wakiirudia, wengine kwenye redio.

Ile asilimia 30 ipo, ila si ya ngano inayolimwa, ni ya ngano inayouzwa kuvuka mipaka. Ukichukua ngano yote inayovunwa duniani, hao wawili kwa pamoja walikuwa na kama asilimia 14 tu. Ukihesabu nchi moja moja, mkulima mkubwa kuliko wote ni China, karibu tani milioni 140 kwa mwaka, akifuatiwa na India yenye zaidi ya milioni 100, ndio Urusi anakuja. Lakini hakuna kinu hapa kwetu kinachongojea meli ya ngano kutoka China, kwa sababu China inakula yake yote na bado inaagiza nyingine juu.

Kosa la pili ni zito zaidi. Msimu wa 2022/23, yaani ule ule ambao sote tulikuwa tunasema ngano imeisha, dunia ilivuna karibu tani milioni 790, na hiyo ilikuwa rekodi wakati huo. Hakuna mwaka wa nyuma uliokuwa umetoa ngano nyingi hivyo. Nilipoiona namba hiyo mara ya kwanza niliirudia kuisoma, nikaenda kutafuta kwingine, ikaja ile ile.

Halafu kuna la tatu ambalo ndilo lililonishika hasa. Ukraine huvuna katikati ya mwaka, na msimu wa kuuza unaanza Julai. Vita vilipoanza tarehe 24 Februari 2022 walikuwa wameshapakia melini kama tani milioni 18, na ilitarajiwa msimu mzima wafikishe 24. Kwa hiyo ngano iliyokwama bandarini mwao msimu ule ilikuwa kama tani milioni 5 au 6. Weka hiyo kwenye dunia inayovuna tani milioni 780. Haifiki hata asilimia moja! Lakini kwenye soko la Chicago, ambako bei ya ngano inatazamwa na dunia nzima, busheli moja (kilo 27 na ushee) ilitoka kwenye dola 8 hivi ikavuka dola 12 ndani ya wiki mbili, ikapita hata rekodi ya 2008.

Sasa hapo ndipo swali lenyewe lilipo: inakuwaje asilimia isiyofika moja inatikisa bei ya kila mtu?

Fikiria kijiji kinachovuna magunia 800 ya mahindi. Magunia 600 hayatoki nyumbani, aliyelima ndiye anayekula, basi. Yanayofika sokoni siku ya soko ni 200, na wanaokuja kununua hayo 200 ni watu wasio na shamba au mashamba yao hayawatoshi, kwa hiyo kwao lile soko ndilo shamba. Katika hayo 200, kama 60 hutoka mtaa mmoja wa ng'ambo ya daraja. Asubuhi moja daraja linafungwa. Ukiuliza kijiji kizima utaambiwa chakula kipo, na ni kweli kipo, magunia 600 yako dari za watu. Lakini waliosimama sokoni na vikapu hawali kutoka kwenye dari za wengine, wanaona mbele yao pengo la magunia 60 kwenye 200.

Sasa ongeza jambo moja. Siku ile daraja lilipofungwa, magunia mengi ya ng'ambo yalikuwa yameshavuka tayari, mwezi uliopita. Kilichokosekana siku hiyo ni magunia matano sita. Ila hakuna anayejua daraja litafunguliwa lini. Yule wa kuoka mikate ana wateja wa wiki ijayo, wa mwezi ujao, hawezi kuwaambia subirini vita viishe, kwa hiyo ananunua leo ya leo na ya mwezi ujao pia, na jirani yake akimuona naye anafanya hivyo hivyo. Mahitaji yanaongezeka siku ile ile bidhaa inapopungua, ingawa hakuna aliyekula zaidi ya jana.

Na mkate si simu, huwezi kusema nitanunua mwakani. Bei ya simu ikipanda kidogo watu wengi wanaacha, bei inatulia yenyewe. Mkate ukipanda watu wanabana kila kitu kingine kwanza, nauli, nguo, nyama, mkate wanang'ang'ana nao, kwa hiyo bei inalazimika kupanda sana ndipo mtu mmoja atoke kwenye foleni, na anayetoka ni yule mwenye mfuko mwepesi. Ndio maana pengo dogo linazaa bei kubwa.

Kwenye ngano ya kweli namba zinafanana na za kijiji kile zaidi kuliko nilivyotegemea. Dunia inavuna kama tani milioni 800, inayovuka mipaka ni kama milioni 200, robo tu. Na akiba iliyoko maghalani, karibu nusu yake iko China. Unaweza ukasoma ripoti inayosema akiba ya dunia inatosha miezi kadhaa na ikawa sahihi kabisa, ila nusu ya akiba hiyo iko kwenye dari ambayo haifunguliwi.

India ndio iliyolifanya jambo hili lionekane wazi. Vita vilipoanza, India ilisema ina ngano ya kutosha na itauza, wanunuzi wakashusha pumzi. Mara Machi ikaja na joto kali, nafaka ikakauka kabla ya kujaa, na tarehe 13 Mei 2022 serikali ikafunga mauzo ya nje. Bei ikaruka tena. India kwa kawaida si muuzaji mkubwa wa ngano, ngano yake karibu yote inaliwa huko huko, kwa hiyo kilichoondoka sokoni ni ahadi tu, lakini wanunuzi walikuwa wameshaitegemea ile ahadi.

Wala 2022 haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2010 Urusi ilipata ukame na moto wa misitu, ikapiga marufuku kuuza nafaka nje kuanzia 15 Agosti. Mwanzoni mwa Septemba, baada ya kutangazwa Msumbiji kwamba mkate unapanda, Maputo ikawaka, watu zaidi ya kumi wakafa, na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya mkate. Hapa lakini twende taratibu, manake mtu anaweza kuruka akasema ukame wa Urusi ndio ulioua watu Maputo. Sarafu ya Msumbiji ilikuwa imeshuka sana wakati huo, na umeme na maji vilipanda pamoja na mkate, kwa hiyo ngano ilikuwa kamba moja katika zile zilizokaza. Hali kadhalika wapo wanaosema walanguzi wa Chicago, wale wanaonunua na kuuza kwa kubashiri bei tu bila kuihitaji ngano yenyewe, ndio waliopandisha bei ya 2022, na wachumi wanabishana hadi leo. Mimi naona walichangia kwenye zile siku chache za mwanzo, ila ushahidi wa kusema walichangia kiasi gani ni mwembamba.

Kilichofuata nacho kinashangaza. Tarehe 22 Julai 2022 mkataba wa kupitisha nafaka Bahari Nyeusi ulisainiwa Istanbul, meli ya kwanza, Razoni, ikatoka Odesa, bandari ya Ukraine, tarehe 1 Agosti (ilibeba mahindi, si ngano), Urusi ikavuna ngano nyingi kuliko miaka yote ya nyuma, Australia nayo ikavunja rekodi yake. Mwaka haujaisha bei ya Chicago ikawa imerudi ilikokuwa kabla ya vita, huku vita vikiendelea.

Mbona basi dukani haikurudi? Ngano inanunuliwa kwa dola. Chukua tani moja ya dola 300, mfano tu. Februari 2022 dola ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya, tani hiyo inakuja shilingi 33,900. Januari 2024 dola ilifika karibu 160, tani ile ile, bei ile ile ya dola, ni shilingi 48,000. Kenya inaagiza sehemu kubwa sana ya ngano inayokula, mashamba ya Narok na Uasin Gishu hayatoshi, kwa hiyo bei ya dunia inashuka na wewe dukani huoni kitu, na si lazima iwe mwenye duka anakuibia.

Siku hizi makadirio ya Marekani au ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) yakitoka, ile namba kubwa ya mavuno ya dunia naipita haraka. Naangalia akiba iliyoko kwa wanaouza hasa: Urusi, Ulaya, Kanada, Australia, Marekani, Ajentina. Hiyo ikiwa nyembamba, mvua ikikosa mahali pamoja tu, bandari ya Mombasa itajua.

Nilimweleza yote haya yule mama, huku anasukuma, na swali lake likawa moja: hao Wachina wenye ghala limejaa, kwa nini wasiuze wakati bei imepanda? Jibu ni kwamba akiba ile ni ya serikali na haikuwekwa kwa ajili ya biashara. China ilipita njaa ya 1959 hadi 1961 iliyoua mamilioni ya watu wake, na tangu hapo kujitosheleza kwa nafaka ni suala la usalama wa nchi kwao. Akasimamisha mti wa kusukumia, akafikiri kidogo. "Hapo nawaelewa," akasema, "na mimi unga wa watoto sipikii wateja."