Kasuku hajifunzi kwa simu

Watu hapa Mombasa wakishajua kwamba kazi yangu ni kuchunguza sauti za wanyama, swali huwa ni la kasuku. Mwenye ndege amejirekodi akisema "hujambo", simu anaiacha ikirudia kando ya tundu mchana kutwa, na kasuku kimya. Ana kasoro gani? Hana kasoro yoyote. Amekosa mtu wa kuzungumza naye.

Mtafiti Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua kasuku wa kijivu aitwaye Alex mwaka 1977, akakaa naye hadi ndege huyo alipokufa mwaka 2007. Alex alijua kutaja majina ya vitu zaidi ya 50, na rangi zake pia. Siri ilikuwa namna alivyofundishwa. Watu wawili walikaa mbele yake, mmoja anashika kitu na kumuuliza mwenzake ni nini. Mwenzake akipatia, anapewa kitu chenyewe. Akikosea, anakatazwa na kinaondolewa. Kasuku anatazama yote hayo, akitamani kuingia kwenye mazungumzo. Kasuku waliosikilizishwa kanda peke yao hawakujifunza yale maneno.

Si kila mnyama anahitaji hayo. Jogoo anayewika alfajiri pale Majengo hakufundishwa na yeyote. Mwaka 1963 mtafiti Masakazu Konishi alionyesha kwamba hata kuku waliofanywa viziwi wangali vifaranga walikua wakawika kama kawaida. Miaka miwili baadaye alichunguza ndege mdogo mwimbaji wa Marekani, na mambo yakawa kinyume kabisa. Kinda wa ndege huyo huusikiliza wimbo wa wakubwa na kuuhifadhi kichwani, kisha miezi kadhaa baadaye huanza kuujaribu, akijisikiliza na kujirekebisha. Walioondolewa uwezo wa kusikia kabla ya kufika hatua hiyo waliishia kutoa sauti zisizo na umbo, ingawa wimbo walikuwa wameshausikia. Kwangu mimi hili ni kati ya majaribio mazito zaidi katika fani hii yote, kwa sababu linatenganisha kusikia wengine na kujisikia mwenyewe, na kuonyesha kwamba vyote viwili vinatakiwa.

Miongoni mwa ndege, wanaojifunza sauti kwa kusikia ni kasuku, ndege waimbaji (kundi lenye minana wetu wa kwenye minazi na hata kunguru), na wale wadogo wa bara la Amerika wanaoelea hewani mbele ya maua. Kwa wanyama wanyonyeshao orodha ni fupi: binadamu, pomboo na nyangumi, popo, sili, ndovu.

Tumbili hamo, na hilo huwashangaza wengi. Utafiti wa Amboseli uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka, na kila mmoja huwafanya wajikinge kivyake. Lakini mlio wenyewe mtoto wa tumbili anazaliwa nao. Anachojifunza ni wakati wa kuutumia. Mwanzoni hupiga mlio wa tai hata akiona jani linaanguka.

Ndovu ni habari nyingine, na mfano wake uko kwenye barabara yetu wenyewe. Mlaika alikuwa ndovu jike wa miaka kumi, akilelewa pamoja na mayatima wenzake huko Tsavo. Zizi walimolala lilikuwa kilomita 3 kutoka barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Jua likishazama, Mlaika alikuwa akitoa mvumo usiofanana na mlio wowote wa ndovu: mvumo wa malori. Mtafiti wa ndovu Joyce Poole na wenzake walipopima rekodi walikuta sauti hizo zinakaribiana na za malori yenyewe, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Huko Korea Kusini, Koshik, ndovu dume aliyekaa miaka mitano bila ndovu mwenziwe, alijifunza maneno matano ya Kikorea kwa kutia mkonga mdomoni. Walioishi naye walikuwa watu, akashika sauti za watu.

Porini uwezo huo una kazi gani? Mwaka 2024 watafiti waliochambua miungurumo ya ndovu wa Amboseli na Samburu walieleza kwamba ndovu huitana kwa kitu kama majina. Ndovu akichezewa rekodi ya mwito uliokuwa wake, alisogelea kipaza sauti upesi na kuitika zaidi kuliko akisikia mwito wa mwingine. Pomboo humwita mwenzake kwa kuiga mluzi wake. Ndovu haelekei kuiga sauti ya anayemwita, na ndiyo maana nafuatilia kazi hii kwa hamu kubwa. Ndani ya mngurumo mmoja mmejaa mambo mengi pamoja, umri wa anayeita na hali yake ya moyo, na ni kipande kipi hasa ndicho jina, bado hakijatambuliwa.