Dume na jike wa nyoka: anza na leseni, kisha mizani

Maombi ya leseni ya kufuga nyoka yameongezeka ofisini kwetu, na mengi huanzia mwisho. Mwombaji wa Kisauni au Likoni tayari ana nyoka wawili ndani ya ndoo, kawatoa vichakani Kilifi, ndipo auliza utaratibu. Leseni hutangulia nyoka. Haimhalalishi aliyekwisha kukamatwa, na kauli ya "nimemshika mwenyewe" haina nguvu yoyote kisheria. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya 2013, kupatikana na mnyamapori bila kibali, awe hai au mfu, adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 1, kifungo kisichopungua miaka 5, au vyote viwili. Hakuna kipengele kinachomsamehe mwenye nyoka mdogo au asiye na sumu.

Makala haya yanahusu nyoka wawili wasio na sumu: nyoka wa nyumbani wa kahawia (Boaedon), anayetaga, na yule mfupi mnene wa mchangani (Eryx colubrinus), anayezaa watoto hai. Swila, kifutu na koboko si wa kuzalishwa nyumbani.

Wengi huchagua kwa rangi. Rangi iwe ya mwisho. Chatu wa Afrika Magharibi (Python regius) wa rangi iitwayo "spaida" amezalishwa sana ng'ambo kwa urembo wake, ilhali jeni hiyo hiyo humtikisa kichwa na kumfanya akose shabaha anaporukia panya. Tafadhali msituletee hoja kwamba soko ndilo linalotaka.

Pima kwa mizani, si kwa jicho. Jike wa Eryx asioanishwe kabla ya kufikisha gramu 350 na umri wa miaka 3. Dume hutosha akiwa na gramu 70. Tofauti hiyo ni ya kawaida, dume si mgonjwa. Mtambue kwa mkia mrefu zaidi na vijikucha vinavyoonekana kando ya tundu la haja. Jike akipandwa mapema, watoto humkwama tumboni, naye hufa pamoja nao.

Kila mgeni akae chumba tofauti siku 90, na vyombo vyake. Tazama utitiri: vidoa vyeusi kuzunguka macho na ndani ya maji ya kunywa. Kinyesi kipimwe Cryptosporidium zaidi ya mara moja, kwa kuwa vimelea hivyo havitoki kila siku. Nyoka anayetapika mlo na kuvimba katikati ya mwili asizalishwe kamwe. Hakuna tiba ya kutegemewa. Wala msioanishe ndugu wa uzao mmoja. Uti uliopinda na jicho lisilokuwepo huanzia hapo, ndiyo maana rejista lazima itaje wazazi.

Mombasa inamtaabisha Eryx, mnyama wa maeneo yenye ukame. Unyevu wa pwani humletea vidonda vya magamba na kukoroma kwa mapafu, hivyo mchanga uwe mkavu na kizimba kipitishe hewa. Mpumzishe kwenye ubaridi wa kusi, Julai na Agosti, kisha mkutanishe na dume Septemba. Mimba huchukua miezi 4 hadi 6.

Nyoka wa nyumbani hana tatizo la kushika mimba; tatizo ni kutoacha. Akikaa na dume hutaga mfululizo hadi kalsiamu imwishie. Dume aondolewe baada ya kupanda, na hata hivyo jike anaweza kutaga tena kwa mbegu alizohifadhi. Mayai yaatamiwe kwenye nyuzi 28, yawekewe alama ya penseli juu, yasigeuzwe. Chumba cha Februari hapa hupita nyuzi 31, kwa hiyo kuyaacha mezani si njia.

Watoto wakizaliwa, andika idadi siku hiyo hiyo, waliokufa wakiwemo. Mnunuzi awe na leseni yake kabla ya kukabidhiwa. Eryx na Python regius wamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, hivyo kuwasafirisha nje kunahitaji kibali cha CITES kutoka Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) na cheti cha afya cha Idara ya Mifugo, vyote viwili kabla mzigo haujafika uwanja wa ndege wa Moi.