Mgonjwa Amefungua Macho: Je, Fahamu Zimerudi?

Pale mtu anapolazwa akiwa hajitambui, hakuna swali ambalo ndugu zake hutuuliza mara nyingi kama hili. Jana macho yalikuwa yamefumba, leo yamefunguka. Wanamwita jina, wanampungia mkono, wanatoka wodini wakimshukuru Mungu. Halafu daktari anawaambia kwamba bado hana fahamu, nao wanabaki wameduwaa. Mtu aliye macho anakosaje fahamu?

Mkanganyiko huo unaeleweka, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku neno fahamu hubeba mambo mengi kwa mpigo: kuwa macho, kuelewa unachoambiwa, kukumbuka, kujijua wewe ni nani. Mtu akiwa mzima, mambo hayo huenda pamoja na hatuna sababu ya kuyatenganisha. Ubongo ukiumia, huachana. Ndiyo maana daktari anayezungumzia fahamu huangalia mambo mawili: mgonjwa yuko macho kiasi gani, na anatambua kiasi gani yanayomzunguka na yanayompata.

Kuamka hutegemea mtandao wa seli ulio ndani ya shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walionyesha kwamba mtandao huo ukichochewa kwa umeme, mawimbi ya ubongo wa paka aliyelazwa kwa dawa hugeuka na kuwa kama ya paka aliye macho. Utambuzi unahitaji zaidi ya hapo. Unahitaji gamba la ubongo, ile tabaka ya juu iliyojikunjakunja, na mawasiliano yake na sehemu za ndani. Mtu akiumia kichwa vibaya, au moyo ukisimama na ubongo ukakosa oksijeni, gamba laweza kuharibika huku shina likinusurika. Mgonjwa wa namna hiyo hufumbua macho na kuyafumba kwa zamu kama mtu anayelala na kuamka. Anapumua mwenyewe, anapiga miayo, pengine anaguna au kutoa machozi, lakini hakuna dalili kwamba anajua yuko wapi au nani yuko mbele yake. Bryan Jennett na Fred Plum waliipa hali hii jina la kitabibu mwaka 1972. Koma ni kitu kingine: humo macho hayafunguki hata mgonjwa akifinywa, na kwa kawaida haidumu zaidi ya wiki chache.

Kipimo mnachokiona kwenye faili la mgonjwa, mara nyingi kwa herufi GCS (Glasgow Coma Scale), kilitoka Glasgow mwaka 1974, kazi ya Graham Teasdale na huyo huyo Jennett. Macho hupewa alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, mwendo wa viungo 1 hadi 6. Jumla ya chini kabisa ni 3, ya juu ni 15, na mtu aliyeumia kichwa akiwa na 8 au pungufu huhesabiwa kuwa katika hali ya hatari. Ni kipimo kizuri sana kwa saa na siku za mwanzo, kwa kuwa muuguzi wa usiku na daktari wa asubuhi wanazungumza lugha moja, na alama zikishuka hatua huchukuliwa mara moja.

Hata hivyo, kipimo hiki hakipimi utambuzi wenyewe. Mgonjwa niliyemweleza hapo juu, anayefumbua macho mwenyewe (4), anayeguna bila maneno (2) na kuvuta mkono akifinywa (4), atapata 10. Sasa mchukueni mtu aliyepata kiharusi kwenye shina la ubongo, eneo ambalo amri za kwenda mwilini hupitia. Akili yake ni timamu kabisa. Anasikia, anaelewa, anawakumbuka watoto wake. Lakini mwili wote umepooza, hawezi kusema, na kilichobaki chini ya uwezo wake ni kupepesa na kuyapeleka macho juu na chini. Kwa hesabu ya alama atapata 4 ya macho, 1 ya maneno na 1 ya viungo, yaani 6. Asiyetambua chochote kampita anayetambua kila kitu. Huyu wa pili anahitaji mtu mmoja tu wa kumwambia, "Kama unanisikia, tazama juu," na kumpa nafasi ya kujibu.

Makosa ya kudhani mgonjwa hatambui si machache. Tafiti za nchi mbalimbali zilizowapima upya wagonjwa waliotangazwa kuwa hawana utambuzi zimekuta takriban 4 kati ya 10 wanao, japo hafifu na wa kuja na kwenda. Wakati mwingine kinachoubaini ni kitu kidogo. Tukitaka kujua kama mgonjwa anafuatisha kwa macho, tunampitishia kioo kidogo polepole mbele ya uso, kushoto kwenda kulia. Wapo ambao hawakufuata kalamu wala kidole, lakini sura yao wenyewe waliifuata.

Mwaka 2006 mtafiti Adrian Owen na wenzake walikwenda mbali zaidi. Mwanamke wa miaka 23, aliyeumia katika ajali ya barabarani na ambaye vipimo vyote vya kitandani vilionyesha hatambui, aliwekwa ndani ya mashine ya MRI, inayoonyesha kwa picha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, na kuambiwa awaze anacheza tenisi, kisha awaze anatembea katika vyumba vya nyumba yake. Ubongo wake uliwaka sehemu zile zile zinazowaka kwa watu wazima wa afya wakipewa amri hiyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2024 uliwapima hivyo wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa mwili, na 60 kati yao waliitikia kwa ubongo.

Mashine hizo hazipatikani kila hospitali, na hata zinapopatikana hazitufikishi mwisho. Zinaonyesha kwamba mtu ameelewa na kutii, lakini namna anavyoyahisi maisha akiwa mle ndani bado hakuna kipimo kinachoigusa. Kwa maoni yangu hiyo ni sababu ya kutosha ya kutokuzungumza juu ya mgonjwa kana kwamba hayupo. Habari za mazishi, madeni na ugomvi wa ndugu zipelekwe nje ya wodi.

Nanyi mlio karibu naye mnaweza kuona yale ambayo daktari wa dakika kumi hayaoni. Mwiteni kwa jina alilolizoea, toeni amri moja fupi kwa wakati mmoja, kisha ngojeni, maana ubongo ulioumia hujibu kwa kuchelewa. Mkono ukikaza, rudieni amri ile ile na muone kama utakaza tena, au unakaza hata msiposema kitu. Andikeni saa, mlichosema na alichofanya, mkiweza mrekodi kwa simu, na mkabidhini daktari anayepita asubuhi.