SSD haifi upesi kwa kuandikwa

SSD ni kifaa cha kuhifadhia faili ndani ya kompyuta, kisicho na sahani inayozunguka. Ukipeleka laptopu kwa fundi wa Mwembe Tayari, Mombasa, huenda bado ukaambiwa: "SSD ina kasi, lakini ukiiandika sana inakufa upesi." Kweli, seli zake (vijisehemu vinavyoshika data) huchakaa kwa kuandikwa. Ila tupige hesabu. SSD nyingi za gigabaiti 500 hupewa kiwango cha kuandikwa kama terabaiti 300, yaani gigabaiti 300,000. Andika gigabaiti 20 kila siku (nyingi mno kwa mtu wa barua na picha za harusi), utakimaliza baada ya miaka 41. Laptopu yenyewe itakuwa wapi? Diski ya zamani ndiyo ya kuhofia: sahani yake huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kishindo kimoja ikiwa imewaka chaweza kuikwaruza. SSD ikifa, mara nyingi hufa ghafla, kimya. Weka nakala ya faili zako.