Jana Ulisikiliza Redio Gani?

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilipangiwa Mbagala. Nilikuwa na dodoso la karatasi, kadi ngumu yenye nembo za vituo vya redio, na barua iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Mama mmoja alikuwa anachoma vitumbua nje ya nyumba yake. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikajieleza, nikamuuliza swali ambalo mpaka leo ndilo linalonilisha: jana ulisikiliza redio gani?

"Jana sijasikiliza redio," akasema huku akigeuza vitumbua.

Hatua chache nyuma yake, dukani, redio ilikuwa inasoma magazeti kwa sauti iliyofika mpaka kwetu. Nikamuuliza kama hiyo nayo jana ilikuwa imewashwa. "Hiyo si yangu, ya Mangi hiyo. Lakini ilikuwepo. Walikuwa wanamjadili yule beki wa Yanga."

Nikaandika kama nilivyofundishwa: hakusikiliza. Lakini mama yule alikuwa amesikia, na alikumbuka hata kilichozungumzwa. Tangu siku hiyo sijawahi kuliamini kabisa lile jibu la "sijasikiliza", na kila takwimu ya wasikilizaji wa Dar es Salaam inayopita mezani kwangu naitazama nikiwa na vitumbua vile kichwani.

Siku hizi sipigi hodi tena, nachambua takwimu zinazoletwa na wanaopiga hodi. Matokeo yakitoka, simu yangu haitulii. Mkuu wa vipindi anataka kujua ameshika nafasi ya ngapi, mtu wa matangazo ya biashara anataka karatasi moja tu ya kumwonyesha mteja, na mtangazaji anauliza kama kipindi chake kitabaki. Wote wanauliza "nani namba moja?" kana kwamba ni msimamo wa ligi. Nimeshuhudia vituo viwili vikijitangaza namba moja wiki moja, kwa ripoti moja, na vyote vikasema kweli.

Iko hivi. Tuna vipimo viwili vikubwa. Cha kwanza ni idadi ya waliofikiwa: watu wangapi waligusa kituo hicho jana au wiki iliyopita, hata kwa dakika chache. Cha pili ni fungu la muda: katika dakika zote ambazo jiji lilisikiliza redio, kituo hiki kilichukua ngapi. Tuseme kituo A kilisikilizwa na watu 100, kila mmoja dakika 20. Hizo ni dakika 2,000. Kituo B kilisikilizwa na watu 30 tu, lakini kila mmoja alikaa nacho saa mbili: dakika 3,600. Kwa waliofikiwa, A anamwacha B mbali. Kwa fungu la muda, B ana asilimia 64. Anayeuza sabuni na anataka jina lake lisikike kwa wengi ataenda kwa A. Anayeuza bima, yenye maelezo marefu, angefanya vizuri kukaa na wale 30 wa B. Kumuuliza mtafiti nani namba moja bila kusema kwa kipimo kipi ni sawa na kumuuliza muuza vitambaa wa Kariakoo bei bila kumwambia unataka mita ngapi.

Halafu kuna suala la sampuli, na hapa ndipo ninapobishana na wateja zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Hatuwahoji wote. Kwa urahisi wa hesabu, chukua watu wazima milioni 3 wanaowakilishwa na wahojiwa 600. Kila mhojiwa amebeba watu 5,000 mgongoni. Kituo kimoja kinapata asilimia 28, kingine asilimia 25. Kwenye mabango wataandika: tunaongoza kwa wasikilizaji 90,000! Tisini elfu ni umati wa kujaza Uwanja wa Mkapa na kubakisha maelfu nje. Lakini kwenye madodoso yangu ni watu 18. Kwa sampuli ya 600, kila moja ya asilimia hizo inaweza kupanda au kushuka karibu pointi tatu na nusu kwa bahati tu, kutokana na nani alikutwa nyumbani na nani alikuwa ameenda msibani. Na kwa kuwa tunahoji kwa mafungu ya mitaa, yaani nyumba kadhaa Tandika, kadhaa Sinza, kadhaa Kigamboni, ukweli ni kwamba mtikisiko ni mkubwa zaidi ya huo, maana majirani husikiliza redio zinazofanana.

Kwa hiyo vituo hivyo viwili viko sawa. Nimeliandika hilo kwenye ripoti mara nyingi, na mara nyingi limefutwa kabla ripoti haijamfikia mwenye fedha. Inaniuma, kwa sababu kuna watangazaji waliopoteza vipindi vyao kwa pointi mbili ambazo hazikuwepo.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Njia tunayotumia zaidi ni ya kumuuliza mtu kuhusu jana, robo saa kwa robo saa, tangu alipoamka mpaka alipolala. Hakuna mtu anayeishi kwa robo saa. Kwa hiyo mhoji mzuri hatangulizi saa, anatanguliza siku yenyewe: uliamka adhana ya alfajiri au baada? Ulikunywa chai nyumbani au kazini? Ulipanda gari wapi? Redio inaingia humo humo, kwenye chai na kwenye gari. Mhoji mvivu anauliza "saa moja mpaka saa moja na robo ulisikiliza nini?" na anapata jina la kituo ambacho mhojiwa anakipenda, hata kama jana hakukigusa. Mtu akisahau, hujaza pengo kwa mazoea. Ndiyo maana vituo vikongwe na vyenye majina makubwa hunufaika na njia hii, na kituo kipya huonekana kidogo kuliko kilivyo.

Na saa zetu nazo zina mtego wake. Zamani kidogo nililetewa takwimu ambazo usiku wa manane ulikuwa na wasikilizaji kuliko asubuhi. Kilele kilikuwa saa saba usiku hadi saa tisa usiku. Nilikaa nazo siku mbili nikitafuta kipindi gani cha usiku kimelishika jiji kiasi hicho. Hakikuwepo. Programu ya vishikwambi ilitengenezwa na watu wanaohesabu saa kuanzia usiku wa manane, na wahoji wapya walisikia "saa moja", "saa mbili", "saa tatu" wakabonyeza 01, 02, 03. Vipindi vyote vya asubuhi vilikuwa vimehamia usiku wa manane. Tuliyagundua haya kwa sababu kosa lilikuwa kubwa. Mhoji mmoja kati ya ishirini akikosea hivyo, hakuna anayeona, na kipindi fulani cha asubuhi kinapoteza watu wake kimyakimya.

Majina ya vituo pia. Kwenye masafa ya Dar, East Africa Radio ipo 88.1, Clouds 88.5 na Wasafi 88.9. Mhojiwa anakwambia "ile ya themanini na nane". Ipi? Mwingine anakutajia mtangazaji, na mtangazaji huyo alishahama mwaka jana, wala si mara yake ya kwanza. Mwingine anasema "ile ya singeli", na miaka ile EFM ilipoanza kuupa muziki wa Uswahilini nafasi kubwa ungeweza kukisia, ila leo singeli iko kila kituo. Kadi ya nembo inasaidia, lakini kadi nayo ina dhambi yake: nembo ya juu huchaguliwa zaidi. Tunabadilisha mpangilio kwa kila mhojiwa, na bado nikipata kituo kilichopanda ghafla, kitu cha kwanza ninachokagua ni kadi.

Kuhoji kwa ujumbe wa simu ni haraka na ni rahisi, na sioni haya kusema tunautumia. Lakini anayejibu ujumbe wa utafiti ni mtu mwenye simu yake mwenyewe, mwenye chaji, anayesoma vizuri na mwenye muda wa mambo hayo. Mara nyingi ni kijana wa kiume. Bibi wa Temeke anayesikiliza TBC Taifa mchana kutwa hajibu. Unaweza kusawazisha kwa hesabu, ukawapa uzito mkubwa mabibi wachache uliowapata, lakini kama umewapata wanne, basi mabibi wote wa jiji wanazungumza kupitia vinywa vinne.

Wenzetu wa nje walijaribu kuikwepa kumbukumbu. Marekani, kampuni ya Arbitron ilitengeneza kifaa kidogo anachotembea nacho mhojiwa. Vituo vinachanganya alama isiyosikika kwa sikio ndani ya matangazo yao, na kifaa kinaidaka kila kinapokuwa karibu na spika. Hakuna kuuliza, hakuna kukumbuka. Kilipoingia rasmi New York mwaka 2008, ngazi ya vituo ilivurugika. Vituo vya Wamarekani weusi na vya wanaozungumza Kihispania vilishuka vibaya, vikalalamika kwamba watu wao hawakuwakilishwa ipasavyo kwenye jopo, yaani kundi la watu wanaotembea na kifaa hicho, na mwanasheria mkuu wa jimbo akaenda mahakamani. Mwanzoni mwa 2009 walipatana kwa sharti la kuboresha jinsi wanajopo wanavyotafutwa. Kampuni ya utafiti ya Nielsen ikainunua Arbitron mwaka 2013. Na Januari 2025 walibadilisha kanuni moja tu: zamani ulihitaji dakika tano ndani ya robo saa ili uhesabiwe msikilizaji, sasa zinatosha tatu. Vituo vikapata wasikilizaji zaidi bila mtu yeyote kubadili anachosikiliza.

Hilo la kifaa ndilo linalonirudisha Mbagala. Kifaa hakijali redio ni ya nani. Mama wa vitumbua angehesabiwa kuwa msikilizaji wa kituo cha Mangi asubuhi nzima. Dodoso langu lilimhesabu kuwa si msikilizaji wa chochote. Majibu mawili yanayopingana kwa mama mmoja, na kila moja lina hoja yake.

Dar es Salaam ni jiji ambalo redio nyingi unayoisikia hukuichagua. Anayechagua ni dereva wa daladala, na abiria wote mpaka waliosimama wanasikiliza chaguo lake kutoka Gongo la Mboto hadi Posta. Anayechagua ni dada wa saluni, fundi cherehani, muuza chipsi, mlinzi wa geti aliyeweka simu yake dirishani. Foleni ya Mandela ni saa nzima ya redio ya mtu mwingine. Ukimhoji abiria kesho yake, atakutajia kituo anachofungulia kwenye simu yake akifika nyumbani, kwa sababu hicho ndicho anachokihesabu kuwa chake. Ukimhoji dereva, utapata jina moja kutoka kwa mtu mmoja, na dodoso litampa uzito sawa na mtu yeyote, wakati mkono wake umewachagulia mamia ya watu kwa siku.

Kuna wanaosema sauti ya daladala si usikilizaji, ni kelele. Sikubaliani nao. Nimewasikia abiria wakibishana na mtangazaji kana kwamba amekaa siti ya mbele. Siku ya Simba na Yanga gari zima linanyamaza kwa pamoja mpira ukikaribia goli. Vilevile sikubaliani na anayetaka kumhesabu kila aliyepita karibu na spika, kwa sababu aliyefungulia mwenyewe anakaa hata tangazo likianza, na huyu mwingine anashuka kituo kinachofuata.

Kwa hiyo nimeongeza swali. Kila mhojiwa anapotaja robo saa ya redio, au mhoji anapomkumbusha sehemu alizopita jana, tunauliza: nani aliifungulia? Majibu ni matatu tu: mimi, mtu wa nyumbani kwangu, mtu mwingine. Na badala ya "ulisikiliza redio gani?" tunaanza na "jana, popote ulipokuwa, ulisikia redio?" Neno moja limebadilika, kusikiliza likawa kusikia, na watu ambao wangesema hapana wanaanza kueleza: dukani, kwenye gari, kwa jirani, kijiweni.

Swali hilo linarefusha mahojiano kwa dakika kadhaa, na dakika ni fedha. Wateja wawili wameshaniomba niliondoe. Nimewaomba badala yake tupunguze maswali ya nembo na rangi, na hatujaafikiana. Wiki ijayo timu inaingia Ubungo na Kinondoni, swali likiwa bado ndani. Nimewaambia wahoji wakimkuta mtu anayechoma vitumbua nje, wasiondoke mpaka wamemuuliza redio inayolia ni ya nani.