Lile tundu la kadi ubavuni mwa laptopu

Laptopu nyingi za mwishoni mwa miaka ya 2000 zina tundu ubavuni ambalo mwenyewe hajawahi kuligusa. Mara nyingi limezibwa kwa kadi bandia ya plastiki. Ibonyeze kidogo, itachomoza. Hiyo ni sloti ya ExpressCard, yaani kadi za kuiongezea laptopu matundu na uwezo, iliyotoka mwaka 2003 kurithi nafasi ya PC Card, kadi za kizazi kilichotangulia. Kadi zake zina upana wa milimita 34 au 54, lakini pini ni zilezile 26. Ya 34 huingia kwenye sloti ya 54. Ya 54 haiingii kwenye ya 34, hata ukiibembeleza vipi.

Mtu akiniuliza anunue kadi gani, nami humuuliza: hiyo kadi inapita njia ipi? Sloti ina njia mbili ndani yake, PCI Express (njia ya kasi ya ndani ya kompyuta) ya mkondo mmoja na USB 2.0, na mtengenezaji wa kadi huchagua. Kadi inayopita njia ya USB 2.0 itakuongezea matundu, kasi itabaki ileile. Ya eSATA (tundu la diski za nje) au USB 3.0 inayopita PCI Express ndiyo yenye faida. Usitegemee zile gigabiti 5 kwa sekunde za USB 3.0 zilizoandikwa kwenye boksi, kwani mkondo mmoja wa PCI Express ya toleo la kwanza hauzidi megabaiti 250 kwa sekunde. Lakini USB 2.0, hata kwa hesabu za karatasini, inaishia megabaiti 60. Kwa kunakili video, tofauti utaiona.

Kinachowaangusha wengi ni umeme. Sloti hutoa volti 3.3 na 1.5, ilhali kifaa cha USB kinataka volti 5. Ndiyo maana kadi nyingi za USB 3.0 zina kijitundu cha duara, pamoja na waya wa kuchota umeme kwenye tundu la USB la laptopu. Waya huo hutupwa pamoja na boksi! Kisha diski ya nje inalia tik-tik, inatokea, inapotea, na mwenyewe anaanza kuililia. Zipo kadi zinazopandisha volti zenyewe, na flashi hutosheka nazo. Diski inayozunguka ipe waya, au itumie adapta yake.

Upande wa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, Windows 7 haiji na ya USB 3.0, hivyo isakinishe mwenyewe. Windows 8 inayo tayari, na Linux inayo tangu 2009.