Je, wajua AI (akili mnemba) huchoraje kanzidata (ghala la taarifa kwenye kompyuta) kutokana na maneno ya kawaida?

Shemeji yangu ana ofisi ya kupandisha wageni mlimani, chumba kimoja hapa Moshi, si mbali na mnara wa saa. Mezani pana kaunta buku nne. Ya kwanza ni ya wageni, ya pili ya wagumu, ndivyo wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita, ya tatu ya mahema na vifaa, na ya nne yeye huiita "ya mambo mengine". Ukweli ni kwamba biashara yote imo kwenye hiyo ya nne. Katika buku la wagumu kuna Massawe, Massawe mrefu, Massawe wa Kibosho na Massawe yule wa zamani. Msimu uliopita tipu ya Massawe mmoja ilikwenda kwa Massawe mwingine, na maneno yaliyosemwa siku ile pale ofisini siyaandiki hapa.

Kijana wa jirani, fundi simu, ndiye aliyemwambia: "Mama, ieleze AI biashara yako kama unavyonieleza mimi, itakuchorea kanzidata." Shemeji akakaa, akaandika aya moja ndefu kwa Kiswahili cha kawaida, akabonyeza. Hata chai haijapoa, yakatoka majedwali saba na mishale inayoyaunganisha. Akanigeukia.

"Shemeji, hii imejuaje? Haijawahi hata kufika Machame."

Swali lake ndilo limenifanya niandike makala haya, kwa sababu jibu si lile ambalo wengi hulidhania. AI haikuifahamu biashara yake. Ilichofanya ni kusoma sarufi yake, kisha kukisia yaliyobaki.

Tuanze na kanzidata yenyewe. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha makala iliyobadili kazi hii. Kabla yake, mtu akitaka taarifa kwenye kompyuta ilibidi ajue zimehifadhiwa wapi na zimefungamanishwaje, kama vile kutafuta risiti kwa kukumbuka iko droo ya ngapi. Codd alipendekeza taarifa zikae kwenye majedwali, kila jambo liandikwe mahali pamoja tu, na majedwali yaungane kwa thamani zinazofanana. Mwulizaji aseme anataka nini, kulitafuta iwe kazi ya kompyuta. Miaka minne baadaye wenzake wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuulizia, ambayo leo inaitwa SQL na inaendesha mifumo mingi ya benki, hospitali na shule.

Lakini nani anaamua yawepo majedwali gani? Hapo ndipo penye kazi. Mwaka 1976 Peter Chen, mzaliwa wa Taiwan aliyekuwa akifundisha chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alitoa njia ya kuchora biashara kwa vitu na mahusiano: mgeni ni kitu, safari ni kitu, "kulipia" ni uhusiano kati yao. Mwaka 1983 akaandika jambo ambalo walimu wa kompyuta wanalifundisha mpaka leo, kwamba sentensi za kawaida zinafanana na michoro hiyo. Nomino huelekea kuwa kitu, kitenzi huelekea kuwa uhusiano, kivumishi huelekea kuwa sifa. Kwa hiyo mwanafunzi hupewa maelezo ya duka la dawa, anapiga mstari chini ya nomino, anazungushia vitenzi, na nusu ya kanzidata imeshapatikana.

Basi ujanja huu ni wa zamani. Kilichoongezeka ni msomaji. Mifumo ya AI ya lugha tunayoitumia leo imejengwa juu ya muundo uliotolewa na watafiti wa Google mwaka 2017. Imelishwa maandishi mengi mno: habari, mazungumzo, vitabu vya kiada, na pia programu za kompyuta zenye majedwali ya hoteli, zahanati, maduka na mashirika ya ndege, mara nyingi pamoja na maelezo yake. Inajifunza kukisia kipande cha neno kinachofuata. Ikikisia mara nyingi vya kutosha, inakuwa imekariri maumbo. Shemeji alipoandika "wageni hulipa kwa awamu", umbo hilo ilikuwa imeshaliona kwenye ada za shule na viwanja vya mkopo. Haikuhitaji kufika Machame.

Hapa ndipo Kiswahili kinaponogesha mambo. Angalia maneno aliyoandika: "mgumu na safari zake". Neno safari halibadiliki, iwe moja au mia. Herufi ile ya z kwenye "zake" ndiyo pekee inayosema kwamba mgumu mmoja ana safari nyingi. Angeandika "safari yake", mchoro ungeweza kumfunga kila mgumu kwenye safari moja tu, na Massawe asingepanda tena mlima mpaka afutwe na kuandikishwa upya. Herufi moja, jedwali zima.

Halafu kuna kauli ya kutendea, ambayo mimi naiona kama hazina. Chukua neno "amembebea". Ndani yake yumo aliyebeba, yumo aliyebebewa, na kitu kilichobebwa kinasubiri nje ya mlango. Wawili ndani ya neno moja, na wa tatu mlangoni. Anayechora kanzidata akisikia "amembeba" na "amembebea" kama kitu kimoja, ameshapoteza mtu. Mlimani tofauti hiyo si ndogo. Aliyebebwa anashuka kwa machela, aliyebebewa anatembea mwenyewe na fimbo zake.

Tatizo ni kwamba mifumo hii imesoma Kiingereza kingi kuliko Kiswahili kwa mbali sana. Maneno yetu marefu hukatwakatwa vipande vingi zaidi, na kiungo kidogo kama -e- ya "bebea" kinaweza kupotea njiani. Shemeji alikuwa na bahati, sentensi zake ni fupi. Mtu anayependa kuandika kama mkataba wa kiwanja atapata majedwali ya ajabu.

Na saa? Hapo ilianguka kifudifudi. Aliandika kwamba wageni huondoka kambi ya Barafu saa sita usiku kwenda kileleni. Kwenye mfano wa data iliyojaza, muda wa kuondoka ukasomeka 06:00 badala ya 00:00. Anayejua mlima atacheka, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi mgeni anatakiwa awe karibu na Stella Point, ukingoni mwa kilele, jua likichomoza upande wa Mawenzi. Tena kuna tarehe. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano" na kila mtu ameelewa. Kompyuta inabadili siku saa sita kamili usiku, haijui kuamkia. Ukieleza mambo ya muda kwa AI, andika kwa saa 24 na tarehe kamili, hata kama unajisikia mjinga.

Kosa lililonivutia zaidi lilikuwa la kilo. Mzigo wa mgumu una kikomo, kilo 20, na hupimwa getini. AI ikaweka safu wima ya "uzito" kwenye jedwali la wagumu, pembeni ya jina na simu. Kwa haraka haraka inaonekana sawa, mgumu si ndiye anayebeba? Lakini fikiri. Massawe mrefu alibeba kilo 18 kwenye safari ya Juni na kilo 20 kwenye safari ya Julai. Ukiandika 20 unafuta 18. Ukipeleka uzito kwenye jedwali la safari, safari ina wagumu kumi na watatu, utaandika uzito wa nani? Kilo zile si za mgumu, wala si za safari. Ni za mgumu huyu katika safari hii. Zinahitaji jedwali lao la kati, lenye mstari mmoja kwa kila mgumu katika kila safari, na humo humo ndimo vinapokaa siku alizofanya kazi, malipo yake na tipu yake. Yule aliyekosa tipu msimu uliopita, mgogoro wake ulikuwa pia wa jedwali la kati ambalo kaunta buku halikuwa nalo.

Tulipoieleza AI hivyo, ikarekebisha mara moja na kuomba radhi kwa adabu nyingi. Kisha shemeji akasema, kama mtu anayejisemea, "Ila mzigo hawaupimi mara moja tu." Na chakula kinaliwa njiani, mzigo unapungua, unagawanywa upya. Hilo hakuliandika kwenye ile aya. Kwa hiyo likaja jedwali jingine, la vipimo, kila kipimo na mahali pake na saa yake. AI isingeweza kulijua hilo hata ingekuwa na akili mara elfu.

Maana mahali uliponyamaza, haiachi wazi. Inajaza kwa kilicho kawaida kwingine. Iliipa kila safari geti moja, kwa kuwa duka lina tawi moja na miadi ina chumba kimoja. Njia ya Marangu ingekubali, unapanda na kushuka palepale. Lakini wa Machame wanashukia Mweka, na wa Rongai wanapanda upande wa kaskazini wakashukia Marangu, kwa hiyo safari inalihitaji jedwali la mageti mara mbili, geti la kuingilia na la kutokea, la sivyo gari litawasubiri wageni kwenye geti ambalo hawatashukia. Na katika yale majedwali saba kulikuwa na moja la kuponi za punguzo. Hakuna aliyezitaja kuponi. Maduka ya mtandaoni yanazo, basi nasi tukapewa. "Kuponi? Mlimani?" Shemeji alicheka mpaka fundi simu akaja kuchungulia.

Njia nilizoziona zinasaidia ni mbili tu. Ya kwanza, kabla haijachora, iambie ikuulize maswali kumi kuhusu biashara yako. Maswali yake huwa mazuri kuliko majibu yake. Ya pili, usiieleze siku ya kawaida, ieleze siku mbaya. Mgeni mmoja kati ya wanne ameumwa kichwa na kutapika kwa sababu ya mwinuko, ameteremshwa siku ya tatu, mwongozaji msaidizi na wagumu wawili wameshuka naye, mmoja wao akapanda tena kesho yake. Nani analipwa siku ngapi? Tipu wanagawana vipi? Mchoro wa kwanza wa AI haukuweza kujibu, kwa sababu ulidhani wote walioanza safari pamoja humaliza pamoja. Ule wa nne uliweza.

Kuhusu Massawe, hapo AI ilikuwa sahihi tangu mwanzo, ilimpa kila mgumu namba yake, na inafaa kueleza sababu. Kila mstari wa jedwali unahitaji ufunguo, alama isiyofanana na ya mwingine yeyote na isiyobadilika. Jina haliwezi, hasa huku kwetu ambako kina Massawe, Mushi, Lyimo na Swai wanaweza kujaza basi zima. Namba ya simu? Watu hubadili laini, na wengine hupatikana kwa simu ya kaka. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na ni ya mtu mmoja, lakini kuna kijana ambaye yake haijatoka, na ukikosea tarakimu moja siku ya kuandikisha, kosa hilo linasambaa kila jedwali. Ndiyo maana wachoraji wa kanzidata huunda namba yao wenyewe isiyo na maana yoyote, 1, 2, 3, na hayo mengine yanabaki kuwa sifa tu zinazoweza kusahihishwa.

Jambo moja la kuangalia kabla hujaandika chochote: mchoro hauhitaji majina halisi. Fundi simu alitaka kupiga picha kaunta buku zima la wageni, pasipoti na fomu za afya, aipe AI "ielewe vizuri". Nilimzuia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya za mtu si kitu cha kumwaga kwenye mtambo ulioko usikokujua. Sema "mgeni ana namba ya pasipoti", inatosha. AI inataka kujua ipo, haina haja ya kuiona.

Na ukiniuliza mimi, mwenye safari mbili kwa mwezi hahitaji haya yote. Jedwali moja la Excel lililopangwa vizuri litamfaa. Shemeji ana safari nyingi msimu wa Julai mpaka Septemba, kwake imefaa.

Sasa Massawe mrefu ni namba 14, Massawe wa Kibosho ni namba 22, na yule wa zamani ni namba 3. Hakuna anayemwita mtu kwa namba pale ofisini, kwa hiyo shemeji aliongeza safu wima moja ambayo AI haikuipendekeza hata mara moja. Ameiita "anavyoitwa".